Kikombe cha Chai Kabla ya Usingizi

Kila asubuhi Kasuku ndiye aliyeiamsha nyumba kwa maneno. Jina hilo alibandikwa na kaka yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini asubuhi hiyo alikaa jikoni kimya, mkono shavuni. Jino lake moja lilikuwa limekwama ndani ya ufizi, limelala upande, na siku hiyo lingetolewa kwa upasuaji.

Daktari wa meno alikuwa amewaeleza yeye na mama njia zilizopo. Angeweza kuchomwa sindano ya ganzi, akae macho bila kusikia maumivu. Angeweza kuongezewa dawa ya kumtuliza, asinzie kidogo. Au angelazwa usingizi mzito, asijue lolote. Kasuku aliogopa sindano ya mdomoni kuliko nyoka, akachagua usingizi. Sharti likawa kwamba asubuhi ile asile kitu wala asinywe maziwa.

Bibi aliposikia sharti hilo aliguna. Tangu lini mgonjwa akapelekwa kwenye kisu na tumbo tupu? Mama alipoingia chumbani kuvaa viatu, bibi alimsogezea mjukuu wake kikombe cha chai ya maziwa na kipande cha mkate.

"Kunywa upesi," alinong'ona. "Njaa mwana malegeza."

Kasuku alijua amekatazwa. Lakini mkono wa bibi ulikuwa umeshanyooshwa, na tumbo lilikuwa linanguruma. Akanywa yote.

Hospitalini walipokelewa na mtaalamu wa usingizi, baba mmoja mnene mwenye sauti ya upole. Aliuliza kama mtoto amekula. Mama akajibu kwa uhakika kwamba hajatia kitu mdomoni. Kasuku alitazama sakafu. Akisema kweli, bibi atagombezwa, na mama, aliyeomba ruhusa kwa taabu kwenye karakana ya ushonaji, atakuwa amekuja bure. Akinyamaza, mambo yataendelea.

"Na wewe mwenyewe unasemaje, binti?" mtaalamu akamuuliza.

"Nimekunywa chai ya maziwa," Kasuku akasema taratibu. "Na mkate. Bibi alinipa, lakini nilijua nimekatazwa."

Mama aligeuka, uso umemshuka. Mtaalamu hakufoka. Alivuta kiti, akaketi mbele yao.

"Ukilazwa kwa dawa, koo nalo linalala," alisema. "Chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuingia kwenye mapafu. Watu hufa hivyo. Umefanya vizuri kusema."

Daktari wa meno akaitwa. Alisema siku hiyo usingizi hauwezekani, wala dawa ya kutuliza. Wangeweza kurudi siku nyingine, au jino litolewe kwa ganzi peke yake. Kasuku alikumbuka jinsi jino lile lilivyomnyima raha, akasema ganzi.

Sindano ilimchoma kweli, akauminya mkono wa mama mpaka mama naye akakunja uso. Kisha mdomo ukawa mzito kama si wake. Alisikia vyuma vikigongana na ufizi ukisukumwa, lakini maumivu hayakuja. Jino lilipowekwa kwenye sinia, alishangaa kuona lilivyo dogo.

Nyumbani bibi aliwapokea mlangoni na kikombe cha chai. Mama alimsimulia maneno yote ya mtaalamu, bila kupandisha sauti. Bibi akaketi, macho yamelowa.

"Mjukuu wangu, nilidhani nakuonea huruma, kumbe nilikuwa nakutia hatarini," alisema. "Siku nyingine mtu akikupa kilichokatazwa, hata kama ni mimi, kataa. Na ukiteleza, sema mapema kama ulivyosema leo. Aibu hupita, roho hairudi."

Kasuku alitikisa kichwa kukubali. Akautazama mvuke wa ile chai, akajaribu kutamka kwa mdomo uliopinda kwamba daktari amesema angoje ganzi iishe, asije akajiunguza.

Bibi alikisogeza kikombe mbali, akakifunika kwa kisahani.

"Basi tungoje," akasema.