Kaza au Legeza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anitha alimsaidia bibi yake, Restuta, kupanga mtama na karanga kwenye kibanda chao sokoni Majengo, Dodoma. Wiki ile alipanga peke yake. Bibi aliteleza bombani akateguka mkono, na sasa alivaa bandeji ngumu yenye mikanda miwili, aliyonunua duka la dawa.

"Mjukuu wangu, vidole vimeanza kuvimba," Bibi alisema. "Hebu nisomee kikaratasi cha kwenye boksi. Mwenye Kiingereza hapa ni wewe."

Anitha alijiona mkubwa. Darasa la sita lote lilimjua kwa Kiingereza. Juzi tu Sidonia, mwanafunzi mgeni kutoka Chemba, alisema "bigen" akidhani maana yake ni kukuza kitu. Anitha ndiye aliyeanza kucheka, na tangu hapo wenzake walimwita Sidonia "Bigeni".

Kikaratasi kiliandikwa: "Loosen the straps if the fingers swell." Vidole alivielewa. Mikanda na kuvimba alivikisia. "Loosen" hakulijua kabisa. Angeweza kusema hivyo, lakini Bibi alikuwa akimtazama kwa fahari, na mama Hamida wa kibanda cha pili alikuwa ametega sikio.

"Inasema vidole vikivimba, kaza mikanda," alijibu bila kupepesa macho.

Mama Hamida akaikaza. Bibi akauma meno.

Darasani, Mwalimu Batholomeo aliandika ubaoni "weak", "tight" na "loose".

"Haya ni maneno ya sifa," alisema. "Ukiyamalizia kwa 'en', unapata kitenzi cha kukifanya kitu kiwe na sifa hiyo. 'Weak' ni dhaifu. 'Weaken' ni kudhoofisha. Ila si kila neno linakubali. 'Big' ni kubwa, lakini hatusemi 'bigen', tunasema 'enlarge'. Sidonia alifikiri vizuri, neno tu ndilo lililomkatalia. Haya, Sidonia, endelea na hayo mawili."

Sidonia alisimama. "'Tighten' ni kukaza, Mwalimu. Na 'loose' ni kitu kilicholegea, kwa hiyo 'loosen' ni kulegeza."

Anitha alishtuka. Kulegeza! Akaona vidole vya Bibi vilivyovimba, na mikanda aliyoamuru ikazwe. Akanyoosha mkono.

"Naomba ruhusa niende sokoni kwa Bibi, Mwalimu."

"Unaumwa?"

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi. Darasa zima lilimgeukia.

"Hapana, Mwalimu. Nilimsomea Bibi maelezo ya bandeji. Imeandikwa 'loosen', mimi nikasema akaze. Sikulijua lile neno. Nilidanganya."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimchoma kuliko kicheko. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu alimwomba mwenzake ashike darasa, akapanda bajaji na Anitha hadi sokoni. Walimkuta Bibi amekaa juu ya gunia, ameukumbatia mkono. Vidole vilikuwa vya baridi na vimeanza kuwa vyeusi. Mwalimu alilegeza mikanda upesi, wakampeleka zahanati.

"Damu ilikuwa haipiti," muuguzi alisema akivikandakanda vile vidole. "Mmewahi. Mngechelewa, tungekuwa tunazungumza mengine."

Anitha alipiga magoti kando ya kitanda, macho sakafuni. "Nisamehe, Bibi. Nilikuwa sijui, nikaona haya kusema. Na nikirudi shule nitamwomba Sidonia radhi mbele ya darasa, kwa sababu nilimcheka mbele ya darasa alipojaribu neno la Kiingereza."

Bibi akanyoosha ule mkono mzima, akamwinua kidevu.

"Nilipokupeleka shule, sikutaka urudi unajua kila kitu," alisema. "Nilitaka ujifunze, na anayejifunza husema 'sijui' kila siku. Hilo halina aibu. Ungesema hujui, ningemuuliza mwingine. Aibu ni kumdanganya mtu aliyekuamini, na kumcheka mwenzako aliyethubutu kujaribu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi futa machozi. Mwalimu anakusubiri, masomo ya leo hayajaisha."