Ufunguo Unaokufa Jioni

Asubuhi hiyo Mchoraji na wifi yake walitoka nyumba moja, wakapita njia moja, na hawakusemeshana hata neno. Wifi alikuwa dada wa mumewe. Walifanya kazi chumba kimoja pia, katika kampuni ya ujenzi. Mchoraji alichora ramani za majengo, na wifi alikadiria saruji na nondo. Zamani walikuwa wakicheka njia nzima.

Kilichowanunisha ni ramani za shule mpya. Zilihifadhiwa winguni, yaani kwenye kompyuta kubwa za kukodi zilizo mbali, ambazo mtu huzifikia kwa mtandao. Mchoraji alizituma huko kwa programu fupi aliyojiandikia mwenyewe. Juzi zilikutwa zimefutwa zote. Mkuu wa kazi alisema aliyezifuta akijulikana, kazi hana. Lakini atajulikanaje? Chumba kizima kilitumia ufunguo mmoja. Si ufunguo wa chuma, bali mstari mrefu wa herufi na namba ambao kompyuta huutaka kabla ya kukufungulia. Haukuwa na jina la mtu, na haukuwa na mwisho.

Mchoraji alikuwa na jibu lake moyoni. Kikulacho ki nguoni mwako! Wifi ndiye aliyeazima kompyuta yake wiki ile. Wifi ndiye aliyesema shule hiyo imemchosha. Sasa hata wifi akikohoa, Mchoraji alisikia ushahidi. Mumewe alipouliza kulikoni, aliambiwa hakuna kitu, kwa sauti ile ambayo kila mume anaijua.

Kazini walimkuta fundi wa kompyuta akiwasubiri. Alieleza kwamba ufunguo wa zamani umefutwa. Kuanzia leo kila mtu ataingia kwa mlango mmoja wa kampuni, kwa jina lake na neno lake la siri, lilelile la barua pepe ya kazini. Kisha simu yake itamuuliza kama ni yeye kweli. Akikubali, atapewa ufunguo wa muda.

Mchoraji akakunja uso. Haya, alijiambia, sasa tunachungwa kama mbuzi.

"Jina langu mnalitakia nini kila siku?" aliuliza. "Mnanitafutia sababu?"

"Hapana, dada yangu. Jina lako ndilo linalokulinda," fundi alijibu. "Ufunguo ule wa zamani, yeyote aliyeuokota aliingia, nasi hatukujua ni nani. Huu ni wako peke yako, na ikifika jioni unakufa wenyewe. Mwizi akiuiba leo, kesho haufungui kitu."

"Na simu ikiniuliza?"

"Kama ni wewe unayeingia, kubali. Kama huingii popote, kataa, halafu nipigie. Usikubali ili tu ikome kukusumbua."

Akamwonyesha. Mchoraji aliandika amri fupi kwenye kompyuta, na ukurasa wa kampuni ukafunguka. Kwanza alihakikisha kwamba anwani ya ukurasa ni ya kampuni kweli. Akaandika jina na neno la siri, akakubali kwenye simu. Ufunguo ukaja wenyewe, bila kuunakili wala kumtumia mtu. Ilikuwa rahisi mno, na hilo nalo likamtia shaka.

Siku ya mapumziko alikuwa jikoni akimenya viazi, na wifi akiosha vyombo. Simu ya Mchoraji ikalia. Iliuliza: Ni wewe unayeingia?

Jambo la kwanza alilofanya ni kumtazama wifi. Wifi alikuwa anasugua sufuria, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko. Kompyuta zao zote mbili zilikuwa kabatini. Basi ni nani? Mchoraji alibonyeza "Hapana". Akatoka nje kumpigia fundi.

Fundi alichunguza, akampigia tena. Aliyejaribu kuingia yuko mbali, na hakuna anayemjua. Alikuwa na neno la siri la Mchoraji, ila simu ilimkwamisha. Na alitokea kwenye anwani ileile ya mtandao iliyotumika kufuta ramani za shule. Fundi akauliza swali moja: ile programu yako ya kutuma ramani, umewahi kumpa mtu?

Mchoraji akakumbuka. Programu ilipogoma, alikuwa ameibandika kwenye jukwaa la wachoraji mtandaoni, ili asaidiwe. Ndani yake aliacha ufunguo wa chumba kizima, na neno lake la siri. Alisaidiwa, akashukuru, akasahau. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Alibadilisha neno la siri palepale, akaiondoa programu jukwaani. Kisha akampigia mkuu wa kazi na kukiri. Mkuu alifoka sana. Mwishowe alisema aliyefuta ni mwizi, na mwizi amezuiwa mlangoni. Kazi anayo, lakini shule ataichora upya.

Jioni Mchoraji alimfuata wifi uani, alikokuwa akianua nguo. Aibu ilimjaa.

"Wifi, nilidhani ni wewe. Kumbe kosa lilikuwa langu. Nisamehe."

Wifi hakugeuka. Aliendelea kutoa vibanio kwenye kamba.

"Mimi nilidhani ni wewe," alisema. "Tangu siku ile ya kwanza. Kesho nilikuwa nakwenda kumwambia mkuu kwamba nilizifuta mimi. Wewe una watoto."

Mchoraji akashika upande wa pili wa shuka, wakalikunja pamoja.