Mikono ya Verona

Walikutanishwa na ng'onda. Jumamosi, soko la Birmingham limefurika, Verona Blackstock kashika kipande cha mwisho cha samaki huyo mkavu, mara mkono mwingine ukakidaka upande wa mkia.

"Kaka, achia."

"Nimekiona kabla yako, mrembo."

"Kwa hiyo? Mimi nimeshika penye nyama!"

Kijana mwenyewe, koti la kijivu, viatu vinang'aa, alicheka akaachia. Jumatatu Verona, muuguzi, aliripoti kwenye wodi mpya ya wanaume, sare ya buluu imenyooshwa pasi, akamkuta huyohuyo: Clovis Dacres, muuguzi mkuu wa wodi, Mjamaika mwenzake. Kufika Krismasi walikuwa wanapikiana, na simu haziishi.

"Umelala, sukari yangu?"

"Nimelala. Naongea usingizini. Hebu kata simu!"

Sasa kulikuwa na mzee mmoja Mzungu, kitanda cha nne, Pargeter. Mtu hovyo! Verona alipomgusa mara ya kwanza, aligeukia ukuta. Kesho yake Verona akapangiwa vitanda vya upande wa pili, na siku zilizofuata vilevile. Hakuuliza. Siobhan, muuguzi wa Kiairishi, ndiye aliyemtobolea wakinywa chai.

"Mzee kasema hataki mikono myeusi. Clovis akanipa mimi kitanda chake. Nilidhani unajua."

Chai ikamkinaisha. Verona alishasafisha vidonda vilivyooza, akala chakula chake cha mchana vizuri tu. Hili halikumezeka. Akamfuata Clovis ofisini.

"Nilikuwa nakukinga, mpenzi. Angekutukana."

"Ulikuwa unamkinga yeye dhidi ya mikono yangu. Hii hii unayoibusu!"

"Wakubwa hawataki kelele, Verona..."

"Unanitia kinyaa, Clovis. Kuliko yule mzee. Yeye sikuwahi kumpikia."

Jioni simu ililia, hakupokea. Wala ya kesho yake.

Asubuhi moja Pargeter alijichafulia kitandani, akabonyeza kengele. Siobhan akainuka. Clovis akamzuia, akamwita Verona, wakaenda wote wawili, wodi nzima inatazama.

"Bwana Pargeter, muuguzi wako ni huyu. Mimi namsaidia. Mikono minne, yote myeusi."

"Msiniguse! Nitawashitaki!"

"Ofisi ya malalamiko iko ghorofa ya chini. Tukusafishe kwanza, au unashuka hivyohivyo?"

Mzee alitukana mpaka mate yakamkauka. Mwishowe akainua kiuno. Verona alimfuta taratibu, kama anavyomfuta mgonjwa yeyote, huku kinyaa kimemshika. Si kwa mavi, bali kwa jinsi mzee alivyofumba macho kama vile yeye ndiye aliyeonewa.

Kwenye chumba cha kuoshea mabeseni, Clovis alisimama kakumbatia shuka chafu.

"Nilikuwa mwoga. Nisamehe, Verona. Nataka kukuoa."

"Unanichumbia umebeba mavi?"

"Nikisubiri ninukie vizuri kwenye wodi hii, tutazeeka."

Verona akacheka bila kupenda. Kisha akamkazia macho.

"Akija Pargeter mwingine?"

"Nitamwambia vilevile."

"Mbele ya wakubwa?"

"Mbele ya wakubwa."

Akafungua bomba, akamsogezea sabuni.

"Basi nawa mikono kwanza, ndipo unishike."