Ukuta wa Kaskazini Haukufikika

Alhamisi, tarehe kumi na nne Novemba, saa kumi na dakika ishirini jioni, Corinna Kistler alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya mawe katika bonde la Oley, akimsubiri mkaguzi ambaye alipaswa kufika saa kumi kamili. Jua lilikuwa limeshagusa kilima.

Hakuwa na muda wa kupoteza. Mkataba ulimpa siku kumi za kuikagua nyumba, na ya kumi ilikuwa inaisha kesho yake saa sita mchana. Mpaka hapo angeweza kujitoa bila kuulizwa neno. Baada ya hapo ingekuwa yake, na ubovu wake wote. Na hakuwa akiinunua kwa ajili yake mwenyewe. Mama yake alikuwa na mapafu mabovu, na nyumba waliyopanga mjini Reading ilikuwa imeota ukungu hadi darini. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba mle hatavuka majira mengine ya baridi. Corinna alishamchagulia chumba: kile cha chini, kando ya meko, chenye jua la asubuhi.

Kilichomuudhi ni kwamba mkaguzi huyu hakuwa wake. Corinna ni mtu wa maabara, hafanyi jambo bila kulisoma, na alikuwa amesoma: mtafute mkaguzi mwenyewe, tazama leseni yake, omba kuona ripoti aliyomwandikia mtu mwingine, na siku ya ukaguzi mfuate hatua kwa hatua. Alishampata wa kwake. Ila Bwana Reinert, dalali, alimpigia simu mara tatu kusema huyo hazijui nyumba za mawe, amchukue Hafer, Hafer ndiye anayezikagua zote za huku. Dalali halipwi mpaka nyumba iuzwe, halafu yeye ndiye achague mtu wa kuitafutia kasoro. Ni sawa na fisi kumtafutia mbuzi mlinzi. Corinna alilijua hilo, na bado, kwa kubanwa na siku, akakubali.

Hafer alifika na gari la mizigo lililochakaa. Mzee mnene, akinukia peremende. Alisema kulungu walikuwa wamejaa barabarani.

"Leseni yako, Bwana Hafer."

"Reinert aliniambia utaanza na hiyo." Akaitoa mfukoni. Picha ilikuwa ya miaka mingi nyuma. "Nilikuwa mzuri, sivyo? Nyumba zimenizeesha, binti."

Wakaingia. Na kwa kweli mzee alijua kazi. Kule chini ya nyumba alimwonyesha alama ya maji ukutani na kumwambia aiguse, bado ilikuwa mbichi. Alifungua sanduku la umeme, akamtajia waya wa kubadilishwa. Alipanda darini akashuka na utando wa buibui kofiani. Kila kitu alikiandika kwenye fomu, kwa herufi safi. Corinna alianza kujilaumu kwa kumdhania vibaya.

Kisha wakafika kwenye chumba cha mama.

Ukuta wa mashariki, mzima. Wa kusini, ufa mdogo. Wa magharibi, mzima. Kwenye mstari wa nne, wa ukuta wa kaskazini, Hafer aliandika neno moja bila kuinua macho, akageuka kutoka.

*Haukufikika.*

"Haukufikika vipi?" Corinna aliuliza. "Uko mbele yako. Hakuna hata kiti."

Hafer alijibu kwamba kanuni ndiyo hiyo: mkaguzi huandika kinachoonekana, hafungui ukuta. Corinna alimwambia hajamwomba aufungue, amemwomba aupime. Hafer alisema giza linaingia. Corinna alisema ana taa. Hafer alisema nyumba hii ina miaka mia mbili, na kuta za zamani hazipimiki vizuri. Walizungushana hivyo mpaka Corinna akahisi machozi ya hasira yakimchoma. Alisimama mlangoni, akaunyoosha mkono kuuziba.

"Kitanda cha mama yangu kitakaa hapo. Pima."

Mzee aliibana fomu kwapani. Kisha, taratibu, akatoa kamera ya joto, ile inayoonyesha baridi kwa bluu na joto kwa rangi ya chungwa, akaielekeza ukutani.

Bluu. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Nyumba ilikuwa tupu, haijapashwa joto tangu Aprili.

Bluu… bluu… bluu…

Chungwa.

Karibu na meko, ndani ya mawe. Magoti yaliyokunjwa. Mgongo. Kichwa kilichoinama.

Corinna alitafuta sababu. Nyuki, labda. Bomba la maji. Alisogea, akagonga jiwe kwa kifundo cha kidole, mara mbili.

Ko. Ko.

Kimya. Harufu ikaja, ya nywele zilizolowa.

Kisha, kutoka ndani, usawa wa kiuno…

Ko. Ko.

Kwenye kioo cha kamera, kichwa kilikuwa kimeinuka.

"Andika," Corinna alinong'ona.

"Siandiki."

"Unamwogopa Reinert?"

"Laiti ingekuwa Reinert." Hafer alirudi nyuma hatua moja. "Bibi yangu alikuwa braucher, binti. Watu wa bonde hili walimjia na magonjwa, akawaombea na kuwaandikia karatasi. Aliujua uzito wa kuandika. Alisema kitu kama hiki ukikiandika, umekipa mlango. Aliyekuja kabla yangu aliuacha mstari huu. Mimi nimeuacha mara nne."

Corinna alihisi damu ikimpanda kichwani. Mara nne. Familia nne zilikuwa zimelipia ukaguzi, zikasoma neno lile, zikalala kando ya ukuta huu.

"Na zote zimehama salama," alisema Hafer, kana kwamba alimsikia. "Kwa sababu ya neno hilo. Kama nyumba huitaki, kesho jitoe. Ila fomu iache."

Pengine angemsikiliza siku nyingine. Lakini alikuwa amechoka na watu wanaojua na kunyamaza: mwenye nyumba wa Reading aliyepaka rangi juu ya ukungu, dalali, sasa na huyu. Mnunuzi mwingine angekuja, naye angesoma kwamba ukuta ulio mbele ya macho yake haukufikika. Alimpokonya mzee fomu. Akalikata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika: *Ndani ya ukuta kuna mtu ameketi.* Kwa mazoea ya maabara aliongeza saa, kumi na moja na dakika arobaini. Kisha jina lake kamili.

Hafer alikuwa bado ameshika kamera.

Ukuta wote ulikuwa bluu.

Mzee aliigeuza kamera polepole. Kwenye meko. Dirishani. Mlangoni. Ikamfikia Corinna, ikasimama. Mzee akaishusha haraka.

"Umeona nini?"

Hafer aliizima kamera. Alikusanya vifaa vyake bila kuvipanga.

"Tokeni," alisema.

Corinna alilisikia vizuri. Hakusema toka.

Nje, Hafer alizungumza naye kupitia kioo cha gari alichokishusha kidogo tu. Alimwambia hajui dawa yake. Bibi yake aliijua, akafa nayo. Alimwomba jambo moja, asilale kwa mama yake. Kisha akaondoka, na taa za gari zikapotea nyuma ya ghala.

Saa moja baadaye Corinna alikuwa ameegesha ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwao, akitazama dirisha la jikoni lenye mwanga. Alipiga simu. Mama yake alisema supu ya kuku inapoa. Corinna alimdanganya kwamba ameitwa kazini, asimsubiri.

"Haya, mwanangu." Mama alikohoa, akatulia. "Na huyo anayehema hapo karibu nawe ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Wewe nakusikia unaongea."

Asubuhi, saa mbili kamili, alikuwa ofisini kwa Reinert na nguo za jana. Hakulala. Alikuwa ameifikiria kila njia, na kila njia iliishia kwenye kitanda cha mama. Kurudisha kitu kile ndani ya mawe hakuweza. Kukiweka mbali na mama, labda. Alisema nyumba anaichukua, na mama atakwenda kuishi kwa dada yake, Allentown. Akaomba ufunguo siku hiyo hiyo, na Reinert, aliyekuwa akitafuna donati, akampa kwa furaha.

"Nilikwambia Hafer ni mtu makini," alisema.

Corinna aliendesha hadi Oley bila kutazama kioo cha nyuma. Alifungua mlango, akasogea pembeni kama mtu anayempisha mgeni, akasubiri. Upepo ulipita shambani. Hakuna kilichoingia.

Basi akaingia yeye kwanza, akaushikilia mlango kidogo, kisha akaufunga.