Kurunzi Katika Nyumba ya Eda

Ujumbe uliingia saa sita na dakika arubaini mchana. Maneno matano tu.

*Ndimu zimeiva. Piga simu sasa.*

Ruweida alikuwa ndani ya gari lake, Probox nyeupe, nje ya soko la Chake Chake. Alipandisha vioo na kupiga.

"Nakusikiliza, Afande."

"Tumeujua mzigo ulipo," alisema Abdulnasir, mkuu wake katika Idara ya Usalama. "Viwashio arubaini vya baruti. Saa tisa kamili gari itakuja kuvichukua, viende Wete. Baruti yenyewe iko huko, inavingojea. Kesho asubuhi kuna meli ya abiria. Watu mia nne."

"Mzigo uko wapi?"

Abdulnasir alikohoa kwanza.

"Afande?"

"Pujini. Nyumba ya Khatib."

Ruweida aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Khatib amekufa, Afande."

"Najua. Nimebeba jeneza lake. Lakini simu inayozungumza na ng'ambo inapigwa kutoka nyumba ile. Wamepata pa kuficha, watu hawa. Nani atapekua nyumba yenye mjane? Nikipeleka vijana wangu, kijiji kizima kitatutokea na mapanga. Mwanamume hatii mguu mle. Wewe ni mwanamke, na mjane ni rafiki yako."

"Mwatum hawezi kujua habari hii."

"Basi kamtoe salama kabla ya saa tisa."

Simu ikakatika.

Ruweida alitia mkono kwenye mfuko wa buibui. Mfuko huo aliuagiza mwenyewe kwa fundi cherehani, upande wa kulia, usawa wa nyonga. Ndani yake mlikuwa na kurunzi moja, aina ya Convoy, fupi kuliko kalamu. Aliikaza kitako. Kitako hicho hukilegeza robo mzunguko kila anapoitia mfukoni, isije ikajiwasha yenyewe ikamaliza betri. Akabonyeza. Ikawaka. Akazima.

Kila siku aliijaribu. Tangu aipate, hajawahi kukosa hata siku moja.

Maana kuna siku alikosa taa, na siku hiyo haimtoki.

Khatib alikuwa mwalimu wake. Miaka tisa walifanya kazi pamoja, na kwa Ruweida, ambaye hakuzaliwa na kaka, mtu yule alikuwa kaka. Wiki saba zilizopita alitoka na boti peke yake kuwafuata wasafirisha magendo karibu na kisiwa cha Fundo. Hakurudi. Siku ya nne bahari ilitema maiti. Uso haukuwa na sura tena. Shati lilikuwa la Khatib. Saa ya mkononi ilikuwa ya Khatib. Ruweida ndiye aliyeitwa kumtambua.

Chumba cha maiti kilikuwa giza, umeme umekatika. Kurunzi yake, lidude la betri tano lenye mwanga wa kufukuzia ndege, alikuwa ameliacha nyumbani kwa sababu lilimchosha bega. Mhudumu akamulika kwa simu. Mwanga wa simu ni mweupe wa kibuluu, na chini yake kila kitu kilikuwa na rangi ya samaki aliyelala. Alitafuta kovu la moto kwenye mkono wa kulia. Aliona doa jeusi.

"Ndiye," akasema. Akatia sahihi.

Kwisha.

Baada ya mazishi alikuwa hapati usingizi. Hakuwa na shaka yoyote, masikini, alikuwa na majuto tu: kwamba mara ya mwisho alimtazama mwenzake kwa mwanga mbovu. Mtu aliyefiwa hufanya mambo ya ajabu. Wengine hufua nguo za marehemu kila siku. Ruweida alitafuta kurunzi. Alikataa zile zinazojisifu kwa ukali, akataka yenye mwanga wa joto, usioongopa rangi, damu ionekane damu na udongo uonekane udongo. Akataka inayotumia betri ya redio, inayouzwa hata duka la mwisho la kijiji. Na ndogo, ndogo kabisa, kwa sababu Khatib mwenyewe alizoea kumwambia: "Tochi bora ni ile uliyo nayo mwilini. Kubwa utaiacha nyumbani."

Alimkumbuka akilisema hilo, akawasha gari machozi yakimlenga.

Saa saba u nusu alikuwa mlangoni Pujini. Mkononi mkoba wenye paketi mbili za sukari na mchele. Chini ya sukari, bastola, Glock 19.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Ndani kulikuwa na ukimya mrefu kuliko unaostahili.

"Nani?"

"Ni mimi, Ruweida."

"Weye? Mbona leo si Ijumaa?"

Kila Ijumaa kwa wiki saba Ruweida alikuja kumtazama mjane huyu. Walikaa, wakamtaja marehemu, wakalia. Siku nyingine ni Ruweida aliyelia zaidi, na Mwatum ndiye aliyemfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Nilikuwa napita, nikaona nisipite bila ya kukutizama."

Komeo lilifunguliwa. Mwatum alimpokea, akamtangulia hadi chumbani. Madirisha yamefungwa. Chumba kizima kinanukia karafuu, kwa sababu nyuma ya ukuta wa kitanda kuna stoo ya karafuu, na mlango wake umezibwa kwa pazia.

"Umeme hauko tangu asubuhi," alisema Mwatum. "Kaa hapo, mwenzangu. Siku hino nna kichwa, hata sijapika."

"Ngoja nimulike chini, nisije nikavunja chombo."

Alianza na mwanga mdogo, ule wa chini kabisa. Ndiyo kawaida ya anayejua: mwanga mkubwa unakupofua mwenyewe na kumtangazia kila mtu ulipo. Tena akauelekeza sakafuni, kwa heshima. Nani ammulike mjane usoni?

Mwanga ukatua kwenye miguu ya Mwatum.

Hina.

Nyekundu. Mbichi. Imezunguka nyayo kwa mstari safi na kupanda vidoleni kama ya bibi harusi.

Ruweida aliushikilia mwanga pale pale. Kwa tochi ya simu angeona weusi tu, akadhani vumbi la uani. Mwanga huu ulimwambia ukweli, na ukweli ulimuuma kifuani.

Mwenye eda hajipambi. Hatii manukato, hatii wanja, hatii hina. Miezi minne na siku kumi. Mtoto wa darasa la kwanza Pemba analijua hilo.

Mwatum alivuta miguu chini ya kanga.

"Ya zamani hiyo," alisema.

"Wiki saba, Mwatum. Hina ya unyayoni haitimizi hata tatu."

"Ruweida..."

"Unampakia nani hina?"

Mwatum aliinamisha kichwa. Alianza kulia, na kilio hiki hakikuwa kile cha Ijumaa. Kilikuwa kidogo, cha ndani, cha mtu aliyechoka.

"Wiki saba nafungiwa chumba kimoja na mume wangu," alinong'ona. "Ntu hujisahau. Nalimwambia sipaki, miye n'na eda mbele za watu. Akanambia, eda ya nani, nami n'hai?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Ruweida alikuwa akiisikia methali hii tangu utotoni, akidhani inasemwa kwa ajili ya wengine.

Nyuma ya pazia kitu kiligonga ubao.

Glock ikatoka chini ya sukari.

"Lala chini, Mwatum!"

Akazima kurunzi. Akapita pazia akiwa ameinama.

Giza tupu. Magunia. Harufu ya karafuu kali hata macho yanawasha.

Aliinyoosha kurunzi mbali na mwili, mkono wa kushoto wote, juu ya bega. Akawasha kwa kufumba na kufumbua. Gunia, gunia, mguu wa mtu. Akazima. Akasogea hatua mbili kulia.

Risasi ikalia.

Ilipiga ukuta pale mwanga ulipokuwa, si pale Ruweida alipokuwa. Mtu hupiga anapoona taa, kwa hiyo taa usiiweke kifuani. Khatib ndiye aliyemfundisha. Nayo hofu ilimsahaulisha mwalimu somo lake.

Ruweida akabonyeza mwanga wa juu kabisa, moja kwa moja machoni.

Macho yaliyozoea giza kwa wiki saba hayakustahimili. Mtu alipiga ukelele, akajifunika uso.

"Tupa silaha!"

Chuma kikaanguka.

"Mikono juu! Ukutani!"

Mikono ilipanda. Kwenye wa kulia palikuwa na kovu la moto, la waridi, linang'aa. Hata asiyejua angelijua.

Ruweida aliendelea kummulika. Kwa muda mfupi, na hili hakulificha baadaye hata kwenye ripoti, alifurahi. Alifurahi kwamba yuko hai. Halafu ile furaha ikamgeukia, ikawa kitu kibaya kuliko msiba.

"Ruweida," alisema Khatib, amefumba macho. "Tochi nzuri hiyo. Inatumia betri gani?"

"Ya redio."

"Umechagua vyema."

"Nyamaza."

Viwashio vilikuwa ndani ya gunia la tatu, vimezungushiwa majani ya migomba. Arubaini. Aliwasha kinasa sauti cha simu, akamfunga Khatib pingu.

"Kwa nini?"

"Waliniahidi pasi mbili. Mimi na Mwatum, mahali ambapo hakuna anayenijua. Miaka ishirini, Ruweida, nimeishi kwa majina ya uongo. Wakanambia mzigo ni wa kupasulia mawe, bara huko."

"Ni wa meli ya kesho. Watu mia nne."

Khatib alifumbua macho. Kama alikuwa hajui, uso wake uliumia kweli. Kama alikuwa anajua, basi alikuwa mwigizaji kuliko wote. Mpaka leo Ruweida hajaamua.

Akampigia mkuu wake.

"Afande. Mzigo ninao."

"Mjane je?"

"Si mjane. Khatib yupo. Yu hai."

"Alhamdulillahi!" lilimtoka Abdulnasir kwa mazoea. Kisha akasema kwa sauti ya mzee: "Mfunge. Nakuja."

Ruweida alimgeukia Khatib. Swali lililobaki lilikuwa moja, na aliliogopa.

"Tulimzika nani?"

"Yussuf. Mvuvi wa Fundo, mume wa Siti."

"Ulimuua?"

"Wallahi sikumuua. Nalimkuta amezongwa na nyavu zake, keshakufa. Nikamvisha shati langu na saa. Nikamwachia bahari."

"Na mkewe ukamwachia nani?"

Mwatum alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pazia kwa mikono miwili.

"Mwache aende, Ruweida," alisema. "Nimekwishamlilia uongo mbele za watu. Usinifanye nimlilie kweli."

Ruweida alimpenda mwanamke huyu. Alitamani kumfuta machozi kwa ncha ya kanga. Badala yake alimwambia avae buibui, polisi wanawake wako njiani.

Saa tisa kamili ile gari, Noah ya buluu, iliingia uani. Waliokuwemo walikuwa watatu, mmoja wao mgeni mwenye pasi tatu za nchi tatu. Vijana wa Abdulnasir walikuwa wamekwishajipanga nyuma ya migomba. Hawakufyatua hata risasi moja. Kabla ya magharibi ile baruti ya Wete ilikuwa mikononi mwa jeshi. Asubuhi yake meli iliondoka na watu mia nne, wakilalamika joto.

"Pumzika siku tatu," alisema Abdulnasir. "Fundo tutampeleka sheha wa kule, atoe habari."

"Naenda mwenyewe, Afande."

"Si kazi yako."

"Sahihi ni yangu."

Kesho yake boti la kwenda Fundo lilimshusha saa nne asubuhi, maji yakiwa magotini. Akaulizia nyumba. Siti alikuwa uani anakuna nazi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, shingo ndefu, macho yaliyokesha.

"Asalaam aleikum, Bi Siti."

"Waleikum salaam. Karibu. Weye watoka wapi?"

"Wete. Nimekuja kwa habari ya Yussuf."

Siti aliacha kukuna. Hakupiga kelele. Alikaa hivyo hivyo juu ya mbuzi, mkono umeshika kifuu.

"Sema," alisema. "Nshachoka kungoja. Kila ntu anambia subiri, subiri."

Ruweida alikaa chini, mchangani, akamwambia yote. Nyavu. Shati. Chumba cha maiti. Hakujipunguzia.

"Nilikuwa sikuchukua taa yangu. Nikasema ndiye, na hakuwa ndiye. Nimekunyima mume wako wiki saba. Eda yako imekwenda nawe hujui. Unisamehe, na usiponisamehe una haki."

Siti aliiminya nazi iliyokunwa mpaka tui likaanza kutiririka juu ya kifundo cha mkono wake. Kisha akauliza jambo ambalo Ruweida hakulitegemea.

"Mwalimzika vyema?"

"Vyema. Alisaliwa msikitini. Watu walijaa mpaka nje. Khitima ilisomwa siku tatu."

"Wako waliomlilia?"

"Mimi nilimlilia. Sana. Mpaka juzi nilikuwa namlilia."

"Mwalikuwa mwajuana naye?"

"Hapana, dada. Hatukujuana."

Siti alikiweka kifuu chini. Akanyoosha mkono uliolowa nazi, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto.

"Basi ahsante kwa kunlilia mume wangu," alisema. "Miye sijampata hata huo wasaa. Kaa pamoja nami, leo ni zamu yangu ya kulia."

Ruweida alivua viatu, akasogea, na boti la saa saba likaondoka bila yeye.