Kaburi Ambalo Halikuchorwa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye mchoro ule kilikuwa choo cha Mzee Meshack.

Kila asubuhi nilikwenda kuchota maji kwenye kioski kilicho karibu na ofisi ya mtaa. Mtaa wetu uko pembezoni mwa Dodoma. Ukitoka Area D kwa bajaji unashuka pale lami inapoishia, halafu unatembea. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, kwa hiyo nilipanga ndoo yangu na kwenda kusoma matangazo ukutani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la tano, mwaka aliofariki mama, ili nikae na bibi ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Matangazo yale ndiyo yaliyokuwa vitabu vyangu.

Asubuhi hiyo palikuwa na karatasi kubwa mpya, mchoro wa mipango miji wa mtaa wetu. Juu yake iliandikwa kwamba mwananchi yeyote mwenye maoni au pingamizi afike ofisini ndani ya siku thelathini. Niliufuata kwa kidole kutoka msikitini, nikavuka korongo, nikafika kwa Mzee Meshack, jirani yetu. Nyumba yake ilikuwa mraba mdogo, na nyuma yake kulikuwa na mraba mdogo zaidi. Nilipogundua kuwa ni choo, nilicheka peke yangu.

Halafu kidole kikaingia kwetu. Nyumba ilikuwepo. Banda la kuku lilikuwepo. Lakini mwisho wa shamba la karanga, pale alipolazwa mama pamoja na babu na dada yake babu, palikuwa patupu. Hapakuwa na alama yoyote. Barabara ya upana wa mita kumi na mbili ilipita juu ya mama.

Baadaye nilielewa ilivyotokea. Wapima ardhi walipita Ijumaa mchana, wakati wanaume wa upande wetu wako msikitini na bibi anaswali ndani. Mzee Meshack, ambaye ni Mkristo, alikuwa nyumbani, akawatembeza kwake hatua kwa hatua. Ndiyo maana hata choo chake kilipata nafasi katika mji. Kwetu hakuna aliyewatembeza, na makaburi yetu mgeni hayaoni. Babu alikataza saruji tangu akiwa hai. Alisema maiti anatosheka na udongo. Kila kaburi lilikuwa na jiwe moja kichwani na jingine miguuni, basi. Majani yakiota, mtu anapita juu bila kujua.

Nilikuwa bado nimesimama pale Iddy alipopita na begi lake la shule. Nilisoma naye tangu darasa la kwanza.

"Jamani, profesa wa darasa la tano anakagua ramani," aliwaambia wenzake. "Profesa, mji umepangika?"

Walicheka. Hawakuwa na ubaya, tulizoea kutaniana hivyo. Lakini mimi ni mtu wa haya. Nilikwenda kuchukua ndoo yangu, na njia nzima nilijiambia kwamba huenda nimesoma vibaya. Mchoro umechorwa na watu wa chuo. Mimi nitawasahihisha kwa lipi?

Siku hiyohiyo mwenyekiti wa mtaa alipita na kipaza sauti akihimiza kila mtu akaangalie eneo lake. Bibi alikuwa uani akipepeta mtama. Aliuliza kama nimeuona mchoro, na kwetu pamekaaje.

"Pamekaa vizuri, bibi," nikamjibu.

Wiki ya tatu uliitishwa mkutano. Alikuja afisa mipango miji, mama mmoja mpole aitwaye Bi Ruthu. Mzee Meshack alikuwa wa kwanza kusimama. Alilalamika kwamba choo chake kimechorwa kimeingia kwa jirani, na yeye hajawahi kujisaidia kwa watu. Mkutano mzima ulicheka, lakini Bi Ruthu aliandika kila neno, akaahidi kwenda kupima upya. Kisha akauliza kama kuna mwingine.

Nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake, ubavuni kwa bibi. Mkono wangu ulipanda hadi sikioni, ukasita, nikajifanya narekebisha mtandio. Bi Ruthu alitazama upande wetu kwa muda. Baadaye akafunga daftari lake.

Zile siku thelathini zikaisha. Ilipofika miezi mitatu, tulianza kuona vijana wakipigilia vigingi. Bibi alikuwa na desturi ya kwenda makaburini kila Ijumaa asubuhi kung'oa majani. Ijumaa moja nilikwenda naye. Aliinama akapapasa kutafuta jiwe la kichwani kwa mama, na mkono wake ukakuta kigingi cha mbao chenye rangi nyekundu.

"Khairat, hiki nini?"

Nilimwambia ni kigingi cha barabara. Bibi hakulia. Alikaa chini palepale, akauliza taratibu, "Barabara ya kwenda wapi?"

Niliinama nikaanza kung'oa majani.

Mjomba Mrisho, kaka yake mama, alifunga duka lake Makole akaja, tukaenda ofisini sote watatu. Mtendaji alitupokea kwa heshima, lakini alieleza kwamba mchoro ulikaa ukutani siku thelathini na umekwisha kuidhinishwa.

"Mwanangu," bibi alisema, "mimi ukuta siusomi."

Wiki iliyofuata Bi Ruthu alikuja mwenyewe. Alimwamkia bibi, akamshika mkono, wakatembea shamba zima. Walipomaliza alikaa nasi mkekani, akatueleza bila kuficha. Kaburi la babu na la dada yake yalikuwa kwenye kiwanja kilichotengwa kwa duka. Hicho angeweza kuomba kibadilishwe kiwe eneo la makaburi. Barabara ilikuwa jambo jingine. Viwanja vya pande zote mbili vilikwisha kugawiwa, na watu walikwisha kujenga misingi. Mjomba alimuuliza ilipaswa isogee kiasi gani.

"Hatua nne," alisema, akitazama chini. "Ndani ya zile siku thelathini, ningeisogeza kwa kalamu."

Mama alihamishwa Jumatano asubuhi kwenda makaburi ya Waislamu. Walikuja sheikh, mjomba na wanaume wa msikitini, wakazungusha turubai. Mzee Meshack naye alikuja na jembe lake. Sisi wanawake tulibaki ndani. Nilisikia majembe yakipiga udongo uleule niliosikia ukipigwa siku ya mazishi, na bibi alinivuta kichwa akakilaza mapajani mwake, akaniziba sikio kwa kiganja. Kwa lile sikio lingine niliendelea kusikia.

Mwezi uliofuata mchoro uliorekebishwa ulirudi. Makaburi mawili yalikuwa yamechorwa. Safari hii Bi Ruthu hakuubandika ukutani mara moja. Aliitisha watu, akaomba usomwe kwa sauti, nyumba kwa nyumba, kisha akazungumza nasi.

"Mimi nimesomea kuchora barabara," alisema. "Nani kalala wapi, kisima kipi hakikauki kiangazi, hayo hayafundishwi chuoni. Mnayajua ninyi. Msiponiambia, nachora patupu. Kwa hiyo asinyamaze mtu kwa sababu hakusoma, wala kwa sababu ana haya. Mji huu ni wenu. Semeni mapema, wakati kalamu bado inafutika."

Tangu siku hiyo matangazo ya mtaa wetu husomwa kwa sauti kila Jumamosi, pale kwenye kioski cha maji. Msomaji ni mimi. Sauti yangu hutetemeka mistari ya mwanzo, halafu hutulia. Mzee Meshack hukaa mbele na kunirudisha nyuma kila asiposikia vizuri.

Sasa ni mwaka wa sita. Wageni wakimuuliza bibi kwa nini mwanawe alihamishwa, jibu lake ni lilelile. Husema kosa ni lake. Kama angekuwa na macho, kama angesoma hata darasa moja, mwanawe asingesumbuliwa kaburini. Nami huwa nipo hapohapo, nachambua mboga, nimeinamisha kichwa.

Haya nimeyaandika kwa ajili yenu mnaosoma shule, lakini wa kwanza kuyasikia atakuwa yeye. Leo jioni nitamsomea, na nikifika hapa sitanyamaza.

Bibi, kosa si lako. Siku ya kwanza kabisa niliuona mchoro, nikaona mama hayumo, nikakwambia pamekaa vizuri.