Swichi Iliyoandikwa NJE

Hapa Same hakuna anayejua mambo ya mapenzi kunishinda mimi. Ndiyo maana nimelala peke yangu miaka thelathini na mmoja. Lakini habari ya Irine naijua, na ukiisikia kwa mwingine ujue ameipunguza chumvi.

Irine alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka mitatu, mwanamke wa shingo ndefu na futi ya kupimia isiyotoka shingoni hata kanisani. Siku hiyo alikuwa stendi, kwenye kibanda cha kununulia umeme, na upepo wa Same ulikuwa ukivuma kama unadai mtu. Gauni lake la bluu alilishika kwa mkono. Kilemba hakikuwa na wa kukishika. Akapita mwanamume na ngazi begani, ngazi ikaondoka na kilemba.

"We fundi! Unakwenda wapi na kilemba changu?"

Mwanamume akageuka. Ngazi nayo ikageuka, muuza karanga akainama kuokoa maisha yake.

"Samahani, dada. Nilidhani ni bendera."

"Bendera ya nini?"

"Ya nchi ninayotaka kuhamia."

Watu wakacheka. Irine alijitahidi kununa, mdomo ukamkatalia. Paschal aliitwa huyo fundi umeme, ovaroli ya kijivu, penseli sikioni, mikono mipana yenye makovu ya bati. Kilemba kiliporudi kwa mwenyewe, namba ya simu ilikuwa imeshaondoka.

Wakapendana. Paschal alikuwa akishuka kutoka kwenye mapaa ya watu saa moja jioni, na kabla hata ya kunawa anapiga simu.

"Malkia wa bluu, umekula?"

"Nimekula makande."

"Umenibakizia?"

"Nimekubakizia sufuria uoshe."

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Simu ya Paschal ikiita, taa za nyumba zinazimika. Si siku moja. Si kwa jirani, maana kwa jirani redio inaendelea kuimba. Uniti zipo kwenye mita. Simu inaita, Irine anasema "haloo", na dakika mbili baadaye giza linaingia sebuleni kama mgeni aliyezoea kiti chake. Muda kama wa saa nzima ukipita, akipandisha swichi kubwa, umeme unashika kama hakuna kilichotokea.

Sasa lazima uijue nyumba yenyewe. Ilitandazwa nyaya na marehemu Nathanaeli, mumewe Irine, kwa mikono yake. Kwenye boksi la swichi aliandika kwa kalamu nyekundu, kila swichi na jina lake: TAA, JIKO, NJE. Mwandiko wake ulikuwa bado pale, umelalia kushoto kama yeye alivyokuwa akitembea. Alikuwa mtu wa utani. "Nikifa," alikuwa akisema, "msinitafute mbinguni. Nitakuwa kwenye waya."

Alikufa kweli, akazikwa nyuma ya jiko, nyumbani kwake, kama tunavyozikana Wapare. Irine alipanda maua ya kweli kaburini mara mbili. Jua likala, mbuzi wakala kilichobaki. Mwisho akanunua ya plastiki, mekundu, ya kudumu.

Aliishi na mama mkwe wake, Bibi Eliakunda, kikongwe mdogo kama kinu, anayejifungia chumbani kila saa moja jioni kusali. Chumba chake kina mlango wa uani. Giza likiingia, sauti yake hutoka huko taratibu:

"Irine, mwanangu. Nilikuwa katikati ya sala. Nimesikia ubaridi umepita miguuni."

"Ni umeme tu, mama."

"Haya. Ni umeme." Kisha: "Mwenye nyumba hapendi simu hiyo."

Paschal alikuja mara tatu, asubuhi, kabla ya kazi. Alifungua soketi, akakaza skrubu, akapima kwa testa. "Nyumba nzima," alisema akijikuna, "haijambo kuliko mimi." Jioni akapiga simu, giza.

Ndipo Husna, mteja wa Irine, aliyekuja kupunguziwa dera, akatia neno. "Fundi anayependa hamalizi kazi, shoga. Analegeza leo ili aitwe kesho."

Neno hilo lilimlala Irine kifuani. Jioni simu ilipoita hakungoja kubembelezwa.

"Paschal, sema kweli. Ni wewe unayekata umeme wangu?"

Upande wa pili ngazi iliwekwa chini kwa kishindo.

"Irine, nilikuomba ndoa. Sikuomba kazi." Akakata.

Akahamia Lembeni kufunga umeme kwenye ghala la mtu. Siku tisa hakupiga. Siku tisa taa hazikutikisika hata kidogo, na hapo Irine akaogopa zaidi. Maana kama ni mkono wa Paschal, ulishaondoka. Na kama si mkono wake, basi aliyekuwa akikasirika sasa ametulia, ameridhika, amekaa mahali ndani ya ukuta anamtazama akila peke yake. Usiku akawa anageuza mto. Akipita boksi la swichi anageuza uso, asione ule mwandiko mwekundu.

"Mama, nikiolewa, itakuwa dhambi?"

Bibi Eliakunda alikuwa akichambua maharage. Hakuinua macho. "Mimi sijui dhambi, mwanangu. Najua tu kwamba asubuhi ni wewe unayeniambia shikamoo. Kuta hazisemi."

Siku ya kumi, saa moja jioni, simu ikaita.

"Usikate," Paschal alisema haraka. "Jumapili wazee wangu wanataka kuja kujitambulisha. Nikiwaambia wasije, sitakusumbua tena maisha yangu yote. Kwa hiyo leo tujue. Niko nje ya geti lako. Siingii. Wewe ndiye fundi, mimi mdomo tu, usije ukasema ni mikono yangu."

"Paschal…"

Taa zikazimika.

Nje upepo ulikuwa ukipiga mluzi kwenye bati. Irine akakaza kilemba kwa mkono mmoja.

"Zimezimika," alinong'ona. "Amekusikia."

"Mwache asikie. Washa tochi ya simu, nenda kwenye boksi. Umefika?"

"Nimefika."

"Shusha swichi zote. Zote kabisa. Sasa pandisha ile kubwa. Imeshika?"

"Imeshika."

"Safi, mpenzi. Pandisha TAA."

Sebule ikawaka. Irine akaruka.

"Pandisha JIKO."

Friji ikaguna.

"Sasa NJE."

Kidole kikapita juu ya mwandiko wa mumewe. Akapandisha. Pwaa! Giza.

"Imejikata!"

"Basi ugonjwa uko huko. NJE kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kulikuwa na taa ya banda la mbuzi. Banda tulilivunja."

"Waya ulipita wapi?"

Irine aliiona siku ile ya msiba: vijana wakichimba nyuma ya jiko, jembe likikata kitu cheusi, wakikifunga kwa nailoni harakaharaka kwa sababu mchungaji alishafika. Bibi Eliakunda alikuwa amesimama pale pale, anatazama.

"Chini ya ardhi," alisema. "Unapita pale alipolala."

"Iache NJE chini, pandisha ile kubwa. Imeshika? Basi hiyo si roho, Irine. Hicho ni kiungo kibovu kinachopata maji. Kwenu kuna nani anayemwaga maji jioni?"

"Same hii? Maji yenyewe ya ndoo!"

Lakini miguu ilishaanza kwenda. Alimfungulia geti. Paschal alikuwa na vumbi la Lembeni mpaka kwenye kope, penseli bado sikioni. Hawakusalimiana. Wakazunguka jiko kimyakimya, wameshikana vidole.

Mwanga wa dirisha la jikoni ulifika mpaka kaburini. Pale, ameinama, khanga kichwani, birika kubwa mkononi, alikuwa Bibi Eliakunda, anamimina maji polepole mahali pamoja tu, kama mtu anayejua kipimo.

Irine hakupiga kelele. Alisimama akimtazama yule kikongwe, na hofu ya miezi yote ikamtoka mwilini, ikaacha kitu kingine kizito zaidi. Akamgeukia Paschal.

"Jumapili waje."

"Wote?"

"Wote. Lakini huyu haachwi. Nikihama, anahama nami. Ukinioa mimi, asubuhi unasema shikamoo mara mbili."

"Hata mara kumi," Paschal alisema. Kisha kwa sauti: "Shikamoo, mama!"

Birika likaanguka.

"Marahaba," alijibu bibi, akiokota heshima yake kwanza, birika baadaye. "Nilikuwa chumbani nasali."

"Mama," Irine alisema, "maji hayo ni ya nini?"

"Ya maua ya mwanangu. Kila jioni nayamwagilia, maskini. Jua la hapa ni kali."

"Mama. Maua ni ya plastiki."

Bibi Eliakunda akainama. Akashika ua moja jekundu, akalibinya kwa vidole viwili, akalinusa.

"Kumbe!" alisema. "Ndiyo maana hayakui."